Kura ya Sanduku, Kula ya Sahani

Jumatatu, 7 Oktoba

Mwalimu Mutanu amesema kila mmoja wetu awe na daftari la siku. Tuandike kila siku, hata mstari mmoja, na yeye hatalisoma mpaka mwenyewe amwombe. Nikamwuliza niandike nini. Akasema, "Andika ulivyo, Kivuva. Usijipake mafuta."

Basi. Mimi ni Kivuva, miaka arobaini na mitatu, mtu wa Mutomo, Kitui. Niliacha shule darasa la tano mwaka wa ukame, mbuzi wa baba walipohitaji mtu wa kuwatafutia maji. Tangu hapo nimebeba mawe Kilungu, nimechimba mitaro ya mabomba kando ya barabara ya Mombasa, na huu ni mwaka wa sita nachuma bamia katika shamba la maji ya mto hapa Kibwezi. Tunalala wanaume watano katika banda moja la mabati. Mke wangu Kanini na watoto watatu nawaona kila baada ya miezi miwili, siku mbili tu. Nilipofika mwezi wa nane, mtoto wetu wa mwisho alimwuliza mama yake, "Huyu mgeni atalala?"

Neno hilo ndilo lililonipeleka darasani. Nyapara wetu, Mutiso, alitangaza kwamba mwenye shamba anafungua ghala la kununua ndengu Mutomo, mavuno ya Januari. Watatakiwa makarani wawili wa kupima na kuandika, na lazima wawe na cheti cha masomo ya watu wazima. Mtihani ni Desemba. Ghala lenyewe liko hatua mia tatu kutoka mlango wangu. Nimezihesabu kichwani.

Kwa hiyo nimeanza daftari kwa herufi kubwa: NATAKA KUWA KALANI WA MIZANI. Mwalimu akapita nyuma yangu, akazungushia L kalamu nyekundu. Nikamwambia, "Mwalimu, umesema hutasoma." Akasema, "Sikusoma. Iliniruka machoni."

Jumanne, 8 Oktoba

Bamia. Mikono inawasha mpaka kwenye viwiko.

Jumatano, 9 Oktoba

Bamia.

Jumatatu, 14 Oktoba

Darasa letu ni chumba cha watoto wa shule ya msingi. Wao wakitoka saa kumi, sisi tunaingia. Madawati ni ya watoto, magoti yanafika kifuani. Tuko kumi na mmoja: wachumaji, wapakiaji, wanawake wawili wa banda la kuchambua mboga, na Ben dereva wa trekta, ambaye ana miaka ishirini na minane na hucheka kabla hajamaliza sentensi.

Leo ilikuwa ni R na L. Kikamba chetu hakina R, na B na D zake huvaa M na N mbele. Mwalimu ni Mkamba wa Kilungu, anaujua ugonjwa huo. Akasema tukisikiliza ulimi wetu tutaandika upuuzi, kwa hiyo tujifunze kwa maana. Kila neno tulipatie kitu chake. Nimeandika nyuma ya daftari:

Kura ni ya sanduku. Kula ni ya sahani.
Karani ana kalamu. Kalani hajazaliwa.
Bandari haina M mbele. Dawa haina N mbele.

Ben alisoma orodha yangu kwa sauti, darasa likavunjika mbavu. "Kalani hajazaliwa! Mzee Kivuva, umemuua mtoto kabla ya ubatizo!"

Jumanne, 22 Oktoba

Mawingu yalikuja upande wa milima ya Chyulu, yakatutazama, yakaenda. Kanini amepiga simu. Amepanda ndengu kwenye vumbi kavu, akingoja mvua. Nikamwambia nasoma. Akasema, "Baba Mutheu, soma. Lakini usisome mpaka usahau kurudi."

Jumamosi, 26 Oktoba

Hakuna mvua.

Jumanne, 29 Oktoba

Hakuna mvua. Nimeandika neno "karani" mara arobaini.

Ijumaa, 1 Novemba

Mvua! Ilianza saa nane mchana tukiwa katikati ya mistari ya bamia. Hakuna aliyekimbia. Ndunge wa banda la kuchambua alitoka akasimama nje na kreti kichwani, akiimba wimbo wa kanisani. Mutiso alipiga kelele kwamba saa za kazi hazijaisha, halafu na yeye akavua kofia.

Jumatatu, 4 Novemba

Mvua. Watoto wamefunga shule, sasa chumba ni chetu. Imla leo: kumi na moja kati ya ishirini.

Ijumaa, 8 Novemba

Imla: kumi na nne. Nilimwonyesha Mutiso. Akasema kumi na nne haichumi bamia.

Jumanne, 12 Novemba

Leo Ben ametuita nyuma ya chumba cha pampu wakati wa chakula, wote kumi na mmoja. Ana binamu mjini katika duka la fotokopi. Mtihani wetu utapigwa nakala pale pale. Karatasi ikifika, binamu ataijibu kwa msaada wa rafiki yake mwenye kidato cha nne, halafu atampigia Ben simu amsomee majibu. Ben ataandika, atatugawia. Bure. Hataki hata soda.

Mtu mmoja akauliza kama huo si wizi. Ben akashangaa kabisa, si kwa kuigiza.

"Wizi? Sisi ni Wakamba au si Wakamba? Mama yako akilima, majirani hawaji? Huu ni mwethya tu. Leo shamba lako, kesho shamba langu. Unaona mtu amezama kwenye magugu, utasimama kando eti alime peke yake ndio ajifunze?"

Watu wakaitikia kwa vichwa. Na mimi niliitikia, nasema ukweli. Mwethya ndio uliolima shamba la mama yangu mwaka alipovunjika mguu. Walikuja watu thelathini alfajiri, wakamaliza kabla jua halijapanda, wakala isyo, mahindi na maharagwe, wakaenda zao. Sikuwahi kusikia jambo zuri zaidi ya hilo. Sasa Ben amelichukua amelifunika kama blanketi juu ya kitu kingine, na mimi nashindwa kuona ukingo wa blanketi uko wapi.

Ndunge alikuwa ametoka kabla Ben hajamaliza.

Jumatano, 13 Novemba

Mvua. Sikwenda darasani. Nilisema naumwa na mgongo. Mgongo haukuwa na shida.

Alhamisi, 14 Novemba

Nilimkuta Ndunge bombani. Nikamwuliza mbona aliondoka. Alikunja kanga kiunoni kwanza, ndipo akanijibu.

"Mwanangu Kyule alifanya mtihani wa kidato cha nne. Wenzake walikuwa na mwakenya, hizo karatasi zao za kufichwa. Yeye hakuwa nayo. Nilimlea mimi, namjua. Matokeo yakaja, shule nzima imefutwa. Watoto mia na kitu. Hakuna aliyeuliza huyu ni nani na yule ni nani. Sasa anasukuma mkokoteni wa maji, na akipita mbele ya shule anageuza uso." Akajitwika ndoo. "Moto ukiwashwa, Kivuva, hauulizi nyasi gani ni ya nani."

Jumatatu, 18 Novemba

Karatasi imefika. Ben alinipa mkononi, imekunjwa kama hirizi. "Hii yako, mzee. Ukishakuwa karani usinisahau."

Niliiweka ndani ya gambuti. Nikachuma bamia siku nzima nikiikanyaga. Kila hatua naisikia. Nilifikiria hatua mia tatu. Nilimfikiria yule mtoto anayeuliza kama mgeni atalala. Nilijiambia mtu aliyeibiwa shule na ukame hawezi kuitwa mwizi akirudishiwa karatasi moja.

Saa kumi nikaenda kwenye mtaro wa maji, nikavua gambuti, nikafungua. Mwandiko wa Ben, namba na majibu tu, hakuna maswali. Nikasoma:

1. kula
2. mbandali

Hapo nikasimama. Nikasoma tena. Mbandali? Nikajua lilivyokuja. Binamu amesoma kwa ulimi wetu, Ben ameandika kwa sikio letu, na neno limefika likiwa limevaa M isiyo yake na L isiyo yake. Bandari haina M mbele. Imo nyuma ya daftari langu!

Nilicheka peke yangu mtaroni kama mwendawazimu. Tangu nizaliwe, karatasi ilikuwa ndiyo inayojua na mimi ndiye nisiyejua. Karatasi ya chifu, karatasi ya hospitali, karatasi ya mkataba wa kazi. Leo karatasi imekosea, na aliyeona ni mimi.

Sikuisoma zaidi. Si kwamba mimi ni malaika. Sikuihitaji tena, na kutoihitaji ni raha ambayo sijui niifananishe na nini.

Jumanne, 19 Novemba

Nilimrudishia Ben karatasi karibu na trekta. Nikamwambia, "Ben, hii ina makosa. Neno la pili limekosewa."

Akacheka. "Wewe wa darasa la tano unasahihisha mtu wa kidato cha nne?"

"Nimekwambia tu. Na huu si mwethya."

"Kama si mwethya ni nini?"

Usiku kucha nilikuwa nimelitafuta jibu, na asubuhi nikakumbuka watu thelathini katika shamba la mama, wakiteremka mlimani. Nikasema, "Kwenye mwethya kila mtu huja na jembe lake. Hujawahi kuona mtu akija mikono mitupu kisha wenzake wakamshikia mikono wakimtikisa aonekane analima."

Hakucheka. Akasema, "Usitutaje tu." Nikasema sitawataja. Akawasha trekta.

Jumatano, 20 Novemba

Mwalimu ameuliza mbona darasa limekuwa kimya na furaha namna hii. Tukainamia madaftari.

Jumatano, 27 Novemba

Imla: kumi na nane. Wengine hawakuhangaika, wanasinzia. Kanini anasema ndengu zimetoka zote, kijani mpaka kwa jirani.

Jumanne, 3 Desemba

Mvua. Sina la kuandika. Naogopa.

Alhamisi, 5 Desemba

Mtihani. Alikuja Bwana Mbithi, afisa wa masomo ya watu wazima, na miwani yake na bahasha iliyofungwa kwa gundi. Bahasha ilikuwa safi kama bibi arusi. Nilitaka kucheka.

Swali la kwanza: Siku ya uchaguzi wananchi hupiga nini? Nikaandika KURA, nikaikazia R mpaka karatasi ikakaribia kutoboka. Kwa yale mawili niliyokuwa nimeyaona majibu, moyo ulinisuta, lakini mwandiko ni wangu na herufi ni zangu. Hesabu zilikuwa za mizani, debe na gunia. Barua ya kuomba kazi niliandika ukurasa mzima bila kuinua kichwa.

Wenzangu tisa walimaliza kwa dakika ishirini. Mimi na Ndunge tulibaki mpaka kengele.

Ijumaa, 6 Desemba

Bamia. Lakini nachuma kama mtu anayeaga.

Jumatatu, 16 Desemba

Leo nitaandika mpaka wino uishe.

Bwana Mbithi alirudi bila cheti hata kimoja. Alikuja na karatasi zetu zote chini ya kwapa. Mwalimu Mutanu alisimama mlangoni, uso kama mtu aliyeletewa habari za msiba. Tukaketi kwenye madawati yetu ya watoto, magoti kifuani.

Afisa akaandika ubaoni maneno matatu: KULA. MBANDALI. SELIKALI.

"Watu tisa," akasema. "Watu tisa wameandika siku ya uchaguzi wananchi hupiga kula. Watu tisa, Mombasa ina mbandali. Makosa yale yale, mstari ule ule. Mnataka kuniambia mliota ndoto moja?"

Mvua ilikuwa inapiga mabati. Mtu mmoja alikohoa, akajuta.

Kisha akachukua karatasi nyingine mbili. "Ndunge amekosea, lakini amekosea kwa njia yake, namwelewa. Huyu Kivuva ndiye nisiyemwelewa. Darasa la tano, mchuma bamia. Na yote matatu ameyaandika sawasawa. Ni nani huyo?"

Nikasimama. Goti liligonga dawati.

"Basi nikwambie ninavyoona," akasema. "Ni wewe uliyekuwa na majibu. Wenzako ukawapa mabovu, mazuri ukabaki nayo. Kwa sababu kazi ni mbili na nyinyi ni kumi na mmoja."

Sikuwa nimefikiria jambo hilo hata mara moja. Nilikuwa nimeogopa kuungua pamoja na wengine, kama alivyosema Ndunge. Sikujua unaweza kuunguzwa peke yako kwa sababu hukuungua.

Nikasema, "Bwana Afisa, karatasi ya majibu niliishika. Nilisoma mistari miwili. Nikairudisha."

"Ulimrudishia nani?"

Nikatazama ubao.

"Ulimrudishia nani?"

Ben alikuwa mbele yangu. Niliona jasho likimtiririka nyuma ya shingo, mvua inanyesha na baridi ipo.

Mtu mmoja akasema kwa sauti ndogo kwamba Kivuva huandika kila kitu kwenye daftari. Afisa akanyoosha mkono. "Lete." Daftari lilikuwa mfukoni mwa koti langu. Ndani yake kuna tarehe kumi na nane na kumi na tisa Novemba. Kuna trekta, kuna gambuti, kuna jina la Ben mara nyingi kuliko langu. Kulitoa ni kupona. Mkono wangu ulifika mfukoni, ukalishika.

Mwalimu Mutanu akasema, "Daftari hilo ni la siri, Bwana Mbithi. Niliwaahidi. Halisomwi mpaka mwenyewe aombe."

Nikatoa mkono mtupu. Nikasema, "Siombi. Lakini kama shida ni kwamba mimi siwezi kuandika maneno haya, nipe chaki. Nisomee lolote, sasa hivi, mbele ya hawa."

Afisa alinitazama juu ya miwani. Akanipa chaki. Nikafuta kula na mbandali na selikali kwa mkono wangu wenye mikwaruzo ya bamia. Akafikiri kidogo, akasoma sentensi yake.

Nami nikasikia hivi: "Kalani alipinga kula mbaanda ya kula."

Bwana Mbithi ni mtu wa Kitui kama mimi! Tai yake na miwani yake havikuwa vimegusa ulimi hata kidogo. Darasa lilisikia. Niliwasikia wakizuia pumzi.

Nikaandika KARANI. Hilo nililijua hata nikizikwa. Nikaandika ALIPIGA. Halafu nikageuka.

"Samahani, Bwana Afisa. Hiyo kula ya kwanza ni ya sanduku au ni ya sahani?"

Ndunge ndiye aliyeanza. Alicheka kile kicheko cha kupiga paja, halafu darasa zima likaanguka. Mwalimu aligeukia ukuta, mabega yakitikisika. Afisa akasimama pale, mdomo wazi kidogo, akilisikia neno lake mwenyewe masikioni. Nilidhani nimekwisha. Kisha ndevu zikamcheza.

"Ya kwanza ni ya sanduku," akasema. "Ya pili ni ya sahani, mzee."

Aliniita mzee.

Nikaandika: KARANI ALIPIGA KURA BAADA YA KULA. Nikatia nukta. Akanisomea nyingine nne, na zote niliziandika, kwa maana si kwa sauti. Masikio yalisikia Kikamba, mkono ukaandika Kiswahili. Ya mwisho aliisoma polepole sana, akihangaika na R kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe.

Nilipoweka chaki chini, Ben alisimama. Hakuwa na kicheko.

"Ni mimi," akasema. "Karatasi ni yangu. Huyu mzee aliniambia ina makosa, nikamcheka."

Na wa pili akasimama akasema hata yeye aliitumia. Na wa tatu. Mpaka wote tisa walikuwa wamesimama, na afisa hakuwa na mahali pa kutazama.

Uamuzi wake: mtihani wote umefutwa, wangu pia na wa Ndunge. Tutarudia tarehe tisa Januari kwa maswali mapya yatakayoandikwa ubaoni, asubuhi ile ile. Ben atakaa mbele kabisa, dawati likitazama ukuta. Yakionekana majibu mawili ya kufanana kwa kosa, darasa linafungwa na Mwalimu anaondoka.

Ndunge hakucheka tena. Alipokuwa akitoka aliniambia, "Angalau huyu ameuliza nani ni nani."

Wino haujaisha. Mkono umeisha.

Jumanne, 17 Desemba

Mutiso amenisalimia kwanza. Sijui nani alimwambia.

Alhamisi, 19 Desemba

Wakati wa chakula nilikuwa nimeketi nyuma ya chumba cha pampu na daftari. Ben akaja, akasimama mbali kidogo kama mtu anayebisha hodi mahali pasipo mlango.

"Mzee Kivuva. Nifundishe hii R."

"Una daftari?"

Akalitoa kifuani. Jipya, halijaandikwa hata jina. Akainua kalamu na mkono wa pili. "Nimekuja na jembe langu."

Nikasogea, akaketi.

Jumatatu, 23 Desemba

Sasa tuko wanane nyuma ya pampu. Ndunge anafundisha hesabu, maana yeye hupima makreti kila siku, kichwa chake ni mizani. Mimi ni R na L. Ben ni kusoma haraka. Kila mmoja anajibu kwanza peke yake, kisha tunalinganisha na kubishana. Atakayeonekana anachungulia tunamwimbia, "Jembe liko wapi? Jembe liko wapi?" Mtu mzima wa miaka hamsini aliona haya mpaka akahamia upande wa pili wa tangi.

Sasa ukingo wa lile blanketi la Ben nauona.

Jumatano, 25 Desemba

Krismasi. Sikwenda nyumbani, nimebaki kusoma. Kanini aliniwekea watoto kwenye simu. Yule wa mwisho akauliza, "Wewe ni nani?" Nikasema, "Mimi ni baba." Akasema, "Baba gani?" Tukala mchele na nyama ya mbuzi bandani. Sikuonja ladha.

Jumatano, 1 Januari

Bamia. Mwaka mpya una manyoya yale yale ya kuwasha.

Jumanne, 7 Januari

Mvua imekata. Kanini anasema ndengu zimeanza kukauka kwenye maganda, wiki mbili hivi wataanza kuvuna. Ghala limepigwa rangi. "Bado hawana watu," akasema. Hakuuliza zaidi, na mimi sikuahidi.

Alhamisi, 9 Januari

Tumerudia. Bwana Mbithi aliandika maswali ubaoni yeye mwenyewe, akayafunika kwa shuka mpaka saa tatu ilipofika. Ben alitazamana na ukuta. Hakuna aliyemaliza kwa dakika ishirini. Wote kumi na mmoja tulipigiwa kengele kalamu zikiwa bado mkononi. Ben alitoka macho mekundu. "Mzee," akasema, "kumbe kichwa nacho hutoka jasho."

Ijumaa, 10 Januari

Bamia.

Jumatatu, 13 Januari

Bamia. Nimechuma makreti kumi na sita bila kujua.

Ijumaa, 17 Januari

Mwalimu Mutanu alikuja shambani kwenyewe, kwa miguu, viatu mkononi. Alisimama kwenye mwisho wa mstari akasoma kwa sauti, na kila aliyeitwa aliinuka kutoka katikati ya bamia.

Ndunge: themanini na nane. Alikaa chini kwenye udongo akafunika uso kwa kanga. Halafu akainuka, akamwomba Mutiso simu, akasema ndani yake neno moja tu: "Kyule." Zaidi ya hapo akashindwa. Jioni aliniambia amemwandikisha mwanawe arudie mtihani mwaka huu. Amesema ataketi naye akisoma.

Kivuva: themanini na moja.

Waliopita ni wanane. Ben amepata hamsini na tatu, na alizunguka shamba lote kwa trekta akipiga honi, mpaka Mutiso akatishia kumnyang'anya funguo. Watatu wameanguka. Mmoja wao alisema, "Angalau nimeanguka kwa miguu yangu," na amejiandikisha tena.

Hakuna makosa mawili yaliyofanana.

Makarani wa Mutomo ni Ndunge na mimi, wenye alama za juu kuliko wote. Nilimwomba Mwalimu asome daftari langu. Alilisoma amesimama, toka mwanzo mpaka mwisho, akacheka mara mbili na kunyamaza mara moja. Alipofika ukurasa wa kwanza tena alitoa kalamu nyekundu, akaweka alama ya vyema juu ya ile L aliyoizungushia. Nikamwambia, "Lakini hapo nimekosea, Mwalimu." Akasema, "Ndiyo. Ni lako mwenyewe."

Jumatatu, 27 Januari, Mutomo

Nimeamka kwangu. Mtoto wa mwisho alinikuta nikinywa chai, akanizunguka mara moja kama mbuzi anayekagua ua mpya. Akauliza mama yake, "Atalala?" Kanini akasema, "Atalala kila siku." Akaketi gotini kwangu, akachukua mkate wangu.

Nilitembea hatua hadi ghala nikihesabu. Si mia tatu. Ni mia mbili na themanini na nne.

Watu walikuwa tayari kwenye foleni na magunia ya ndengu. Kyule alikuwa ameleta mizigo ya mama yake kwa mkokoteni kutoka kituo cha basi, kitabu kimebanwa kwapani. Ndunge alikuwa anafuta mizani. Alininyooshea kidole kwenye mlango wa ofisi bila kusema, midomo ameibana kuzuia kicheko. Fundi wa rangi alikuwa amemaliza kazi yake jana. Kwa herufi nyeusi, nzuri, zilizonyooka, ameandika:

OFISI YA KALANI

Foleni ikaniona nimesimama. Mzee mmoja akauliza, "Kuna nini? Si imeandikwa vizuri?"

Kopo lilikuwa bado pale chini na brashi ndani yake. Nikakwangua ule mguu wa L uliolala, nikaipa herufi kichwa cha mviringo, nikaipa mguu wa kusimamia. Rangi ilinidondokea kwenye shati jipya. Nikarudi nyuma hatua mbili nikatazama.

Kisha nikafungua mlango, nikaita wa kwanza.